Rais wa Marekani: yaamue majimbo, au zijumlishwe kura za wote?

Mwaka 2012 tulikuwa tunakaa Columbus, Ohio, ghorofa ya pili, na kuanzia Septemba hodi hazikukatika. Leo wanakuja vijana wa Obama, kesho wa Romney, mpinzani wake. Kuna mama mmoja mtu mzima alipanda ngazi zetu mara tatu, akihema, kuhakikisha mke wangu anakijua kituo chake cha kupigia kura. Simu ililia kila tukikaa kula, mpaka tukazoea kuiacha. Mwaka 2024 tulikuwa mji uleule, nyumba nyingine mitaa miwili mbele, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kwa ajili ya urais. Matangazo ya televisheni yalijaa kweli, lakini yalikuwa ya kiti cha Seneti. Sisi hatukubadilika. Ni Ohio iliyobadilika: mwaka 2012 Obama aliichukua kwa pointi tatu hivi, mwaka 2024 Trump aliichukua kwa pointi kumi na moja. Jimbo likishajulikana lina mwenyewe, wagombea urais hawana tena haja nalo.

Kila baada ya miaka minne naulizwa swali lilelile, na watu wa nyumbani kwenye simu, na Waswahili wenzangu wa hapa wanaopata uraia na kupiga kura kwa mara ya kwanza. Inakuwaje mtu apate kura nyingi halafu ashindwe? Na ipi ni heri, wabaki na utaratibu wao wa majimbo, au wajumlishe kura zote kama Kenya na Tanzania? Wanaoishi huku swali hili linawahusu hasa, kwa sababu mabunge ya majimbo yanalijadili na mpiga kura anaweza kumfuata mbunge wake akamwambia anachotaka. Basi niipime mitindo yote miwili, na sitaficha ninapoegemea.

Kura yako inakwenda wapi

Katika mtindo wa sasa humpigii rais kura moja kwa moja. Unawapigia wajumbe wa jimbo lako. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukiongeza maseneta wawili. California ina wajumbe 54, Texas 40, Ohio 17, Wyoming 3. Jiji la Washington, D.C., ambalo si jimbo, lilipewa wajumbe kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1961, nalo lina 3. Jumla ni 538. Anayefikisha 270 ndiye rais. Wajumbe hao hukutana Desemba, kila kundi katika jimbo lake, wakapiga kura ambayo kisheria ndiyo ya urais.

Majimbo 48 pamoja na Washington humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote, hata akishinda kwa kura moja. Maine na Nebraska pekee hugawa: wajumbe wawili kwa mshindi wa jimbo, na mmoja mmoja kwa mshindi wa kila wilaya ya ubunge. Ndiyo maana Omaha, ambao ni mji wa Nebraska, jimbo la Republican tangu zamani, uliwapa wagombea wa Democratic mjumbe mmoja mwaka 2008, 2020 na 2024.

Shika jambo hili, maana wengi hawalijui: kanuni ya mshindi kubeba wote haimo kwenye katiba ya Marekani. Katiba inasema tu kwamba kila bunge la jimbo litaamua namna ya kuwapata wajumbe wake. Kwa hiyo mambo mengi tunayoyalalamikia yanaweza kubadilishwa na majimbo yenyewe.

Katika mtindo wa pili, kura ya mkulima wa Nebraska, ya dereva wa Los Angeles na ya mvuvi wa Alaska zinaingia kwenye kapu moja. Zinahesabiwa, mwenye nyingi anashinda. Huu hauhitaji aya nyingi kuuelewa, na hilo lenyewe si jambo dogo.

Uzito wa kura

Watu hupenda kulinganisha Wyoming na California. Kwa sensa ya 2020, Wyoming ilikuwa na mjumbe mmoja kwa kila watu 192,000 hivi; California mmoja kwa kila watu 730,000 hivi. Yaani mtu wa Wyoming anahesabiwa karibu mara nne ya mtu wa California. Ni kweli, na si haki. Lakini kwa maoni yangu hilo si kidonda kikubwa.

Kidonda kikubwa ni hiki. Mwaka 2020, jimbo lililompa Donald Trump kura nyingi kuliko jingine lolote halikuwa Texas wala Florida. Lilikuwa California: zaidi ya kura milioni 6. Zilimpatia wajumbe wangapi? Hakuna hata mmoja. Mwaka huohuo Texas ilimpa Joe Biden zaidi ya kura milioni 5.2, nazo zikaishia hapohapo Texas. Hao ni watu zaidi ya milioni 11 katika majimbo mawili tu, waliopanga foleni au kujaza karatasi zao na kuzituma kwa posta, na kwa hesabu ya urais ni sawa na waliobaki kitandani. Mrepublican wa Fresno, California, na Mdemocrat wa Houston, Texas, wana shida moja, ila hawajawahi kukaa meza moja wakaambiana.

Pia wapo raia wa Marekani ambao hawamo kabisa. Puerto Rico ina watu zaidi ya milioni 3, ni raia, wanatumika jeshini, ila wakiwa kisiwani kwao hawana kura ya rais kwa sababu kisiwa si jimbo. Mmoja wao akihamia Orlando, Florida, leo, kesho anajiandikisha. Yeye ni yuleyule, udongo tu ndio uliobadilika.

Mwenye nyingi kushindwa

Imetokea mara tano: 1824, 1876, 1888, 2000 na 2016. Hiyo ya 1824 tuiweke kando, maana baadhi ya majimbo bado yalikuwa hayajawapa wananchi kura ya kuchagua wajumbe. Mwaka 2000 Al Gore wa Democratic alimzidi George W. Bush wa Republican kwa zaidi ya kura 540,000 nchi nzima, lakini Bush akachukua Florida kwa kura 537 na urais kwa wajumbe 271. Mwaka 2016 Hillary Clinton, naye wa Democratic, alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9, Trump akashinda Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000.

Anayesikia haya hudhani ni kilio cha chama kimoja. Sivyo. Mwaka 2004 Bush alikuwa na kura milioni 3 zaidi ya John Kerry nchi nzima, ila Ohio aliishinda kwa kura 118,000 hivi. Watu 60,000 wa hapa Ohio wangegeuza mkono, Kerry angekuwa rais, na Warepublican ndio wangekuwa wanaimba wimbo huu mpaka leo.

Na 2020 ilikuwa karibu zaidi kuliko wengi wanavyokumbuka. Biden aliongoza kwa kura milioni 7. Lakini Arizona, Georgia na Wisconsin alizichukua kwa jumla ya kura 43,000 hivi. Zingekwenda upande wa pili, kila mgombea angekuwa na wajumbe 269. Hapo katiba inalipeleka jambo kwenye Baraza la Wawakilishi, tena si kila mbunge na kura yake, bali kila jimbo kura moja. Wyoming, yenye mbunge mmoja, ingekuwa sawa na California yenye zaidi ya 50. Katika yote yaliyomo kwenye utaratibu huu, hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, na halizungumzwi inavyostahili.

Hoja za wanaotetea majimbo

Hoja ya kwanza: mtindo huu unalinda majimbo madogo. Nimeitafuta faida hiyo kwa nia njema na sikuiona. Wyoming, Vermont na Delaware zina wajumbe watatu watatu, na mgombea urais haendi huko kuomba kura, kwa sababu matokeo yake yanajulikana kabla. Nevada inatembelewa, na si kwa udogo wake bali kwa sababu hujui itaangukia wapi. Mwaka 2024 kampeni zilikuwa katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Mengine 43, makubwa kwa madogo, yalikaa jukwaani kutazama.

Hoja ya pili: kura zikijumlishwa, miji mikubwa itamaliza kila kitu. Nayo haishiki. Ukijumlisha watu wote wa miji kumi mikubwa, kuanzia New York, Los Angeles na Chicago mpaka San Jose, hupati zaidi ya milioni 26 hivi kati ya milioni 331 za sensa ya 2020. Haifiki mtu mmoja katika kumi. Na si wote wanapigia upande mmoja.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu: majimbo ni kama kuta za vyumba. Moto ukiwaka chumba kimoja, unauzimia humohumo. Mwaka 2000 ugomvi ulikuwa Florida tu. Maofisa walinyanyua karatasi za kutoboa wakazitazama kwenye mwanga, vijipande vingine vya karatasi vimening'inia nusu, siku zikapita 36 mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa majaji 5 dhidi ya 4. Ilikuwa aibu, lakini majimbo mengine 49 hayakuguswa. Sasa fikiria kura za taifa zima zikaribiane kama mwaka 1960, Kennedy alipomzidi Nixon kwa kura zipatazo 112,000 katika zaidi ya milioni 68. Kila kituo, toka Maine hadi Hawaii, kingekuwa na wanasheria mlangoni.

Na hapa sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna la kuchangia. Kenya ina tume moja ya uchaguzi, daftari moja la wapiga kura, sheria moja, fomu moja. Mwaka 2022 matokeo ya kila kituo yalipigwa picha kwenye Fomu 34A na kuwekwa hadharani, vituo zaidi ya 46,000, hata mtu aliyekaa Mombasa na simu yake aliweza kujumlisha mwenyewe. Mwisho mwenyekiti wa tume anasimama Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura, na kutangaza. Marekani haina hata kimoja katika hivyo. Usiku wa uchaguzi anayewaambia watu nani ameshinda ni shirika la habari. Kila jimbo lina sheria zake: North Dakota haiandikishi wapiga kura kabisa, Maine na Vermont mfungwa hupiga kura akiwa gerezani, kwingine aliyekwisha kutoka bado anazuiwa. Ukizijumlisha kura hizo kwenye kapu moja, unajumlisha vipimo visivyofanana. Anayetaka kura ya taifa zima bila kujibu hilo hajaifikiria hadi mwisho.

Tena Kenya yenyewe inatuonyesha bei yake. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na kwa kuwa kura zote ziko kapu moja, ilibidi nchi nzima irudi vituoni Oktoba. Tofauti ya wagombea ilikuwa kama kura milioni 1.4, wala haikusaidia, kwa sababu kilichotiliwa shaka kilikuwa namna matokeo yalivyotumwa na kujumlishwa. Hakuna kuta, moto unakuwa wa nyumba nzima.

Pamoja na hayo, nimeitazama hoja hii ya kuta kwa muda mrefu na naona ina upande wa pili. Kuta hizo ndizo pia zinazowasha moto. Mwaka 2000 taifa lilikuwa na tofauti ya kura 540,000, hakuna mtu angezigombania; mtindo wa majimbo ukazigeuza kuwa 537. Mwaka 2020 pengo la milioni 7 lilibanwa mpaka 43,000, ndipo zikaanza simu za kuwashinikiza maofisa wa Georgia na fujo za kuvamia Bunge za Januari 6, 2021. Mwizi wa kura hahangaiki na milioni 7. Elfu kumi na moja za jimbo moja, hizo mtu atazitamani.

Kuna na asili ya utaratibu huu, ambayo mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuipita kimya. Kule Philadelphia mwaka 1787, kwenye mkutano wa kuandika katiba, James Wilson alipendekeza wananchi wachague rais wenyewe. James Madison, Mvirginia aliyemiliki watumwa, alikiri kwamba kuchagua na wananchi ni kuzuri, ila akaeleza tatizo: Kusini ingekosa nguvu, kwa sababu watumwa wake hawapigi kura. Kwa wajumbe, tatizo hilo liliisha, kwani kila mtumwa alihesabiwa kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti. Walihesabiwa ili kuwaongezea nguvu waliowamiliki. Haikuwa sababu pekee, ilikuwepo pia hofu ya wananchi kutowajua wagombea wa mbali, lakini ilikuwemo.

Njia ya tatu ambayo Wamarekani hawaitazami

Wanaotetea majimbo husema rais asichaguliwe na kona moja ya nchi. Nakubaliana nao kabisa. Ila hilo halihitaji wajumbe 538. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Asipopatikana, wawili wa kwanza wanarudiana ndani ya siku 30. Nigeria nayo inadai robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49, na robo yake aliipata katika kaunti 39; Raila Odinga aliipata katika 34. Kanuni haikumwangusha mtu, lakini iliwalazimisha wote wawili kusafiri. Kura ya kila mtu inabaki kuwa moja, na mshindi bado anatakiwa aonyeshe sura ya nchi.

Hilo la zaidi ya nusu nalo lisidharauliwe. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa asilimia 36, wapinzani wakiwa wamegawanyika. Mwaka huohuo Bill Clinton alishinda kwa asilimia 43. Kura ya taifa zima isiyo na duru ya pili inaweza kukupa rais ambaye wengi hawakumtaka, na hapo unakuwa umetoka shimo moja ukaingia jingine.

Chaguo lililopo mezani leo

Kubadilisha katiba kunahitaji theluthi mbili za mabaraza yote mawili na majimbo 38. Mwaka 1969 walikaribia: Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa wingi mkubwa marekebisho ya kuchagua rais kwa kura za wananchi, tena yakitaka mshindi apate angalau asilimia 40, la sivyo warudiane. Mwaka uliofuata Seneti ikayazika, maseneta wa Kusini wakiwa mbele kuyapinga. Kwa siasa za leo, njia hiyo sioni ikipitika karibuni.

Kilichobaki ni mkataba wa majimbo. Jimbo linapitisha sheria kwamba litampa wajumbe wake wote aliyeongoza nchi nzima, lakini sheria haianzi kazi mpaka majimbo yaliyojiunga yafikishe wajumbe 270. Maryland ilitangulia mwaka 2007. Kufikia uchaguzi wa 2024 yalikuwa majimbo 17 pamoja na jiji la Washington, D.C., wajumbe 209. Ohio haimo.

Basi kama uko Pennsylvania au Arizona na unathamini kuona wagombea wakija mpaka kwenye ukumbi wa shule yenu, elewa kwamba mkataba huu utakupunguzia. Ukiwa California, Texas, Ohio, Tennessee au New York, utakuongezea, uwe chama chochote. Kama hofu yako kubwa ni ugomvi wa kuhesabu upya nchi nzima, bado una sababu ya kushika majimbo, walau mpaka sheria za uchaguzi zifanane zaidi. Na kama kinachokuuma ni kwamba jirani yako anapiga kura miaka ishirini na haijawahi kuhesabika kwa lolote, basi jibu lako ni kura ya taifa zima. Mimi niko huko.

Ila mkataba wenyewe una upungufu ambao ningependa mbunge wangu aujibu kabla hajanyoosha mkono. Hauna duru ya pili, hauna kiwango cha chini cha kura, na hauna daftari moja wala njia moja ya kuhesabu upya. Zaidi ya hayo, kuna siku moja ngumu itakayofika. Minnesota imejiunga na mkataba huu. Mwaka 2024 wengi wa huko walimchagua Kamala Harris, na Trump akaongoza nchi nzima kwa kura milioni 2.3 hivi. Mkataba ungekuwa unafanya kazi, wajumbe wote 10 wa Minnesota wangekwenda kwa Trump. Mama wa Kiswahili wa Minneapolis aliyempigia Harris angeamka na kuona jimbo lake limempa Trump. Nawauliza wanaounga mkono nami, mmemweleza hilo? Mwelezeni sasa, wakati bado ana nafasi ya kukataa.